Umekwepa, hukugonga: kosa ni la nani?

Uko barabara ya Morogoro, Mlandizi umeshaiacha nyuma, unaelekea Chalinze. Upande wa pili malori yameongozana, na ghafla fuso linachomoka nyuma ya lori la mafuta kuovateki. Linakuja kwenye upande wako, taa zimewaka. Unafunga breki, unaona haitoshi, unalaza usukani kushoto. Gari linatoka kwenye lami, linaparamia kingo ya kalavati, linalala mtaroni. Ukiinua kichwa, fuso limesharudi upande wake na linakwenda zake. Halikukugusa. Trafiki akifika, anachokiona ni gari moja mtaroni na dereva mmoja anayetetemeka.

Swali lake la kwanza litakuwa: "Ulikuwa mwendo gani?"

Wengi huishia hapo. Wanaambiwa na wapita njia, na mara nyingine na askari mwenyewe, kwamba ajali ya gari moja ni kosa la dereva wa gari hilo, asiyekugusa humdai. Si kweli. Kinachoamua kosa ni nani aliyeileta hatari barabarani, na yule aliyeikuta alifanya nini. Kugusana ni ushahidi tu, tena ushahidi wa bure: bodi zimebonyea, rangi zimehamiana, vioo vimemwagika palepale walipokutana. Wewe uliyekwepa huna hayo. Kadiri ulivyokwepa vizuri ndivyo ulivyofuta alama za aliyekukosea. Kwa hiyo kujua sheria ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuokota ushahidi kabla malori yanayopita hayajaupeperusha.

Sheria iliyoanzia kwenye gari la farasi

Kanuni inayokulinda ni kongwe kuliko magari yenyewe. Mwaka 1816 mahakama ya England ilisikiliza kesi ya Jones dhidi ya Boyce. Jones alikuwa abiria juu ya gari la farasi. Hatamu moja ikakatika, farasi mmoja akawa hashikiki, gari likavutwa pembeni ya barabara. Jones akaona linapinduka, akaruka, akavunjika mguu. Gari halikupinduka. Angekaa kimya angeshuka mzima. Mwenye gari akasema: umejivunja mwenyewe. Jaji, Lord Ellenborough, akaliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba swali si kama kuruka kulihitajika kweli, ila kama mtu mwenye akili timamu, akiwekwa kwenye hatari ile na uzembe wa mwingine, angeweza kuona kuruka ni njia ya kujiokoa. Jones akapewa pauni 300.

Badilisha hatamu iwe fuso, na kuruka kuwe kulaza usukani. Kesi ni ileile. Nayo si ya kigeni kwetu. Tanganyika ilipokea sheria ya kawaida ya England kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na misingi yake ya uzembe bado inatumika kwenye mahakama za nchi zote mbili. Mwanasheria wako ataiita kanuni ya taharuki: aliyetupwa kwenye hatari ya ghafla hapimwi kwa mizani ya mtu aliyekaa kwenye kiti akiwa na kalamu na muda wa kufikiri. Ukichagua vibaya katika sekunde ile, kosa la kuchagua vibaya humrudia aliyekulazimisha kuchagua.

Ila kanuni hii ina mlango mwembamba. Haimpokei aliyejitengenezea taharuki yake mwenyewe. Kama ulikuwa kilometa 110 kwa saa kwenye kona ya Kitonga na ukashtuka kuona lori mbele, huko si kutupwa kwenye hatari, hatari uliifuata.

Wanavyokupima

Hakimu, mtathmini wa hasara wa kampuni ya bima, hata trafiki mzoefu, wote huzunguka maswali yaleyale hata kama hawayapangi hivi.

La kwanza: je, yule mwingine aliingia kweli kwenye njia yako, au uliogopa tu kwamba ataingia? Hapa ndipo madai mengi hufia. Gari lililochungulia kutoka barabara ya mchepuko likasimama kwenye mstari halikukufanya chochote. Gari lililotoka hadi nusu ya bampa likaziba upande wako limekufanya. Tofauti yake inaweza kuwa mita moja, na ndiyo maana mahali hasa gari lile lilipofika ni jambo la kulikariri palepale.

La pili: breki peke yake isingetosha? Kwa kilometa 50 kwa saa, gari husogea karibu mita 14 kila sekunde. Chukua sekunde moja na nusu ya kushtuka na kuhamisha mguu, ongeza umbali wa breki zenyewe kwenye lami kavu, unahitaji kama mita 35 kusimama. Kwa kilometa 80 unahitaji takriban mita 70. Kwa 100 unakaribia mita 100, urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Hesabu hii ni silaha yenye makali kuwili. Bajaji ikichomeka mita 15 mbele yako nawe uko 50, hakuna breki duniani ingekusimamisha, na kukwepa ndiyo ilikuwa njia pekee. Lakini ukisema uliliona fuso "kwa mbali sana", umemwambia msikilizaji kwamba ulikuwa na nafasi ya kusimama na hukuitumia. Watu hulitamka neno hilo kwa nia njema, kuonyesha kwamba walikuwa macho. Linawagharimu.

La tatu: kwa nini ulikwenda upande ule? Kukimbilia kushoto, kwenye bega la barabara lisilo na watu, huleta maswali machache. Kukimbilia kulia, kwenye njia ya wanaokuja, huleta mengi. Na ukiparamia kibanda cha mama lishe au watembea kwa miguu, kanuni ya taharuki bado inakusaidia, ila mzigo wa kueleza unakuwa mzito, kwa sababu umeihamisha hatari kutoka kwako ukampa asiyehusika.

Kuna jingine ambalo wakaguzi huliangalia na madereva hulisahau: gari limepata hasara katika kukwepa, au katika kurudi? Ajali nyingi za namna hii huwa mbili. Dereva anatoka kwenye lami salama, kisha anarudisha usukani kwa nguvu, tairi linakwaruza ukingo wa lami uliokatika, gari linapinduka upande wa pili. Fuso lilikuwa limeshapita. Mahakama inaweza kuliona tukio lote kama pumzi moja ya woga, nawe ukasamehewa. Inaweza pia kusema pale mwishoni ulikosea wewe. Ukiulizwa, eleza mwendo mzima kama ulivyokuwa bila kuikata simulizi mahali panapokupendeza.

Halafu hali ya gari lako. Tairi likiwa kipara au taa ya breki imekufa, mkaguzi wa magari ataandika. Hilo halimsafishi mwenzako, lakini linakupa sehemu ya lawama.

Kosa hugawanywa

Hapa ndipo gumzo la kijiweni hupotoka zaidi. Tunapenda mwenye kosa awe mmoja. Sheria haina haja hiyo. Tanzania (Sura ya 310) na Kenya (Sura ya 26) zote zinairuhusu mahakama kugawa lawama kwa asilimia na kupunguza fidia kwa kiwango hichohicho. Tuseme matengenezo ni shilingi milioni 4, na hakimu anaona mwenye fuso ana lawama ya robo tatu, wewe robo moja kwa sababu ya mwendo. Unapata milioni 3. Kwa hiyo ukiambiwa "na wewe ulikuwa unakimbia", si mwisho wa madai. Ni mwanzo wa kupunguza hesabu.

Kwa macho ya mazoea, matukio ya kawaida huangukia hivi. Aliyeovateki akakuzibia njia huanza na lawama karibu yote. Aliyetoka barabara ndogo kuingia kubwa bila kukupisha, vilevile. Dereva wa daladala anayetanua kisha akachomeka mbele yako kituoni naye ni hivyohivyo, ukiweza kuthibitisha. Lakini ukikwepa gari la mbele yako lililofunga breki ghafla, jiandae kubeba wewe: kuacha nafasi ni wajibu wa anayefuata, na "alisimama ghafla" ni utetezi ambao kila trafiki ameshausikia asubuhi hiyo. Hilo hubadilika pale tu mwenzako aliposimama bila sababu yoyote, au alipokuchomekea kwanza akakunyang'anya nafasi uliyokuwa umeiacha.

Gumu zaidi ni la watu watatu. Bajaji inakuchomekea, unaikwepa, unamgonga mwenye pikipiki aliyekuwa ametulia zake pembeni. Yeye anakujua wewe, maana wewe ndiye uliyemgonga. Bajaji imeshaingia mtaani. Kisheria, kama ulifanya ambacho dereva mwangalifu angefanya katika sekunde ile, huna uzembe, na mdaiwa wa kweli ni mwenye bajaji. Kiutendaji, mwenye pikipiki atakushitaki wewe, na kazi ya kumleta mwenye bajaji mbele ya hakimu, au angalau kuthibitisha kwamba alikuwepo, ni yako. Bila hivyo, bajaji yako itasikika kama ya kutunga.

Na hii si hofu ya bure. Gari likitoka barabarani lenyewe, mahakama hulichukulia tukio hilo kama linalojieleza: magari yanayoendeshwa vizuri hayalali mitaroni. Dereva ndiye hutakiwa kutoa maelezo. Madereva waliosinzia, waliokuwa wakichati, waliokunywa, wote wana gari la kufikirika lililowaingilia. Wewe mwenye gari la kweli unapanga foleni pamoja nao.

Dakika ishirini za kwanza

Namba za gari kwanza. Kabla ya kuangalia bampa, kabla ya kumpigia shemeji, itamke namba kwa sauti na uiandike au ujirekodi kwenye simu. Ukikosa yote, shika herufi tatu za mwisho, rangi, maandishi ya nyuma, chapa ya kampuni kwenye turubai. Mabasi na malori yetu yana desturi nzuri ya kuandikwa misemo mgongoni. Msemo mmoja wa kipekee unaweza kulitambulisha lori kwenye mizani ya Vigwaza. Mimi niliwahi kupasua rimu mbili Kinondoni nikiikwepa bajaji, na nilichokumbuka ni kwamba ilikuwa ya bluu. Nilinunua rimu mwenyewe.

Kama kuna majeruhi, hao wanatangulia kila kitu, na fomu ya PF3 itachukuliwa polisi kwa matibabu yao. Kama hakuna, washa taa za dharura, weka pembetatu nyuma ya gari, kisha piga picha kabla vijana hawajajitolea kulivuta. Wakishalivuta, umepoteza pembe gari lilipotokea lami, na pembe hiyo ndiyo inayosema kama ulikwepa au ulisinzia. Aliyesinzia hutoka taratibu, kwa mstari mrefu uliolala, bila alama ya breki. Aliyekwepa hukata kwa ghafla. Piga alama za matairi kuanzia zilipoanzia, ukiwa umesimama kule ulikotoka. Gari lenye breki za kisasa zisizojifunga huacha alama hafifu, hivyo inama, piga kwa karibu na mwanga ukitokea pembeni. Piga mstari wa katikati ya barabara: kama umekolea bila kukatika, yule hakuruhusiwa kuovateki hapo, na picha hiyo moja inaweza kufanya kazi ya mashahidi wawili. Piga kona, tuta, kibao cha mwendo. Rudi nyuma hatua 50 upige upeo wa macho ulivyokuwa.

Kisha watu. Walioona vizuri ni wale wasiokuwa na haraka: muuza mahindi, kijana wa bodaboda kijiweni, mlinzi wa kituo cha mafuta. Usiwaulize "si mmeona alivyonichomekea?" Hilo ni kuwawekea maneno mdomoni, na siku ya ushahidi litatolewa. Uliza "umeona nini?", chukua jina na namba ya simu, na kama anaridhia, mrekodi akieleza kwa maneno yake. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yako ni dhahabu, lakini ana safari. Mkimbilie kwanza yeye. Abiria wako ni mashahidi halali pia, ingawa watasikilizwa kwa tahadhari kama ni mkeo na wanao. Angalia kama kituo cha mafuta au duka lina kamera, na uombe siku hiyohiyo, kwa kuwa mitambo mingi hujifuta yenyewe kila baada ya muda. Kamera ya kwenye dashibodi inamaliza ubishi wote huu. Kwa mtu anayesafiri Dar hadi Mbeya mara kwa mara ningeinunua kabla ya redio.

Mwenzako akisimama, usigombane naye. Huenda hata hajui kwamba anapaswa kusimama, maana hakugusa kitu. Kwa Kenya, kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403) kinamtaka dereva asimame pale ajali inapotokea kwa sababu ya kuwepo kwa gari lake barabarani, na kugusana hakutajwi kama sharti. Chukua leseni yake kwa picha, stika ya bima, namba, jina la mwenye gari.

Kuna maneno ya kutosema. "Samahani, sikukuona" ni adabu yetu, lakini mtaroni hapo husomeka kama kukiri. "Breki zilikataa" ni mbaya zaidi. Mpe pole aliyeumia, eleza ulichokiona na ulichokifanya, nyamaza kuhusu nani mkosaji.

Kwa trafiki

Usiondoke bila askari kuchora mchoro wa ajali, na utazame kama gari lile la pili limo. Hili ndilo jambo moja ningekusihi usilipuuze. Mchoro wenye gari moja utaandikwa ripoti ya gari moja, na ripoti hiyo, PF90, ndiyo itakayosomwa na bima na mahakama. Maelezo yako yakiandikwa, yasome kabla ya kusaini. Yakisema "alishindwa kulimudu gari" ilhali wewe ulisema "alilikwepa gari", omba yarekebishwe. Kulishindwa gari na kulikwepa gari ni kesi mbili tofauti.

Halafu kuna ule ushauri wa kirafiki: lipa tu faini ya 30,000 uondoke, jua linazama. Fikiri kwanza. Kulipa faini ya kuendesha kwa uzembe kunasomeka kama kukubali kosa, na mwenye fuso atakayepatikana kesho ataitoa risiti hiyo mbele ya hakimu. Kama hukukosea, kataa kwa heshima, useme utajieleza mahakamani.

Kwa upande mwingine, polisi hawaamui fidia. Wanaamua nani ashitakiwe. Mtu anaweza kuponyoka kwenye kesi ya jinai kwa kukosa ushahidi usio na shaka, na bado akashindwa kwenye madai, ambako anayeshinda ni yule ambaye simulizi yake inaelekea zaidi kuwa kweli.

Bima italipa nini

Ukiwa na bima kubwa, gari lako litatengenezwa kwa bima yako hata kama kosa ni lako au mwenzako ametoroka, ukitoa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakubebesha. Kampuni ndiyo itakayomfuata mkosaji kurudisha fedha zake. Toa taarifa upesi, na usilipeleke gari kwa fundi kabla mtathmini hajaliona. Usimalizane na mwenzako kando ya barabara bila kuijulisha, kwa kuwa ukishamsamehe umeinyima kampuni haki ya kumdai, nayo inaweza kukunyima wewe.

Ukiwa na bima ndogo, gari lako halimo humo. Tegemeo lako ni mkosaji na bima yake, na hapo kuna shimo ambalo wengi hutumbukia: bima ya lazima kwa Tanzania (Sura ya 169) na Kenya (Sura ya 405) imetungwa kwa ajili ya vifo na majeraha ya mwili. Bampa lako si mwili. Bima nyingi za mtu wa tatu huongeza kifungu cha mali, lakini kina kikomo chake, omba kukiona. Mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima Tanzania, humruhusu yeyote kuhakiki bima ya gari kwa namba ya usajili, kwa hiyo fanya hivyo mkiwa bado mmesimama wote wawili, kabla hujakubali ahadi yoyote.

Mkiamua kumalizana, andikeni: tarehe, mahali, namba za magari, nani alifanya nini, kiasi, siku ya kulipa, saini na shahidi. Alipe kwa simu ili ujumbe ubaki. "Nitakuja gereji kesho" bila karatasi ni maneno ya kukuagia.

Kampuni ya bima ikikukatalia kwa hoja kwamba hamkugusana, dai jibu la maandishi lenye kifungu cha mkataba inachokitegemea. Jibu hilo ndilo utakalolipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO). Kwa mkosaji mwenyewe, anza na barua ya madai yenye ankara ya fundi na picha, kisha Mahakama ya Wilaya. Muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka mitatu tangu siku ya ajali, kwa Tanzania na kwa Kenya. Inaonekana mingi, ila simu uliyopigia zile picha huenda isiifikishe, kwa hiyo zihamishe usiku huohuo, pamoja na namba ya yule muuza mahindi.